Kutoa Hewa

Jumamosi, saa mbili, Kiamunyi bado ina umande,
na miguu ya mume wangu imeshachomoza chini ya Landrova.
Soksi moja ni yake, nyingine ni ya Kihoro,
aliyerudi bweni bila kugundua kwamba imepungua.

Tulilinunua kwenye mnada wa wizara
mwaka ule Kihoro alipokuwa tumboni.
Lilikuwa la watu wa mifugo. Mpaka leo,
siku ya jua kali, ukifungua mlango wa nyuma
linanuka dawa ya josho.

Linahesabu kwa inchi. Dunia nzima imehamia milimita
lakini gari hili halikuambiwa.
"Nusu inchi," na mkono unatokea, kiganja juu,
kama wa mtoto anayeomba njugu.
Naweka nusu inchi.
"Siyo. Tisa kwa kumi na sita."
Nilijua. Ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Wiki jana ilikuwa radieta.
Wiki juzi bushi za springi, zilizogoma kutoka
kwa nyundo, kwa moto,
kwa matusi ambayo mama yake hakumfundisha,
mpaka Simiyu alipokuja kutoka Shabab na msumeno,
akala chapati sita, akaondoka na mia nane.
Kabla ya hapo sikumbuki. Kitu kinachozunguka.

Leo ni breki.
Silinda ya nyuma, kushoto, imelia wiki nzima.
Ametia raba mpya, sasa hewa imejaa kwenye mabomba,
na hewa, ananiambia kutoka chini, ni kama ahadi ya karani:
unaikanyaga, inabonyea, na gari linaendelea kwenda.

Napanda. Kiti kimepasuka, springi yake inanifahamu.
Mbele yangu kioo chenye ufa, na nyuma ya ufa, Menengai.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshika."
Nati ndogo inalegezwa, povu linakohoa ndani ya chupa ya soda,
mguu wangu unazama polepole mpaka sakafuni.
Nati inakazwa.
"Achilia."
"Nimeachilia."

Mara kumi. Mara ishirini.
Hatujasemezana maneno mengi hivi tangu Jumapili,
nilipomwambia kuna mtu wa vyuma vikuukuu, Free Area,
anayenunua kwa kilo.
Hakunijibu. Alikwenda akalifunika bonneti kwa turubai
kama mtu anayemfunika mgonjwa masikio.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Yule mtu wako alisema kilo ni ngapi?"
"Thelathini na tano."
Povu. Nati.
"Achilia."
Naachilia.
"Na ua utaupaka nini?"

Maana linavuja. Lina sufuria yake chini ya injini,
ile iliyopoteza masikio,
na kila baada ya kanisa nachukua brashi kuukuu,
napaka nguzo za ua, moja moja, kuanzia langoni
mpaka kwa akina Chepkirui: nguzo thelathini na mbili,
nyeusi ti. Mchwa wanafika, wananusa,
wanavuka kwenda kwa jirani aliyenunua mbao mpya.
Mwaka huu gari halijatupeleka mbali kuliko Njoro,
na tulirudi tukivutwa na trekta,
mimi kwenye usukani, nikipungia watu mkono
kama bibi harusi, nifanye nini.

"Kanyaga."
Nakanyaga. Pedali inashuka nusu, inasimama,
ngumu chini ya kiatu, kama sakafu imeinuka kunipokea.
"Imekamata," nasema.
"Shikilia hapo hapo."
Nangoja aseme achilia.
Hasemi. Ameangusha kitu kwenye nyasi,
nasikia anakipapasa, anakilaani kwa inchi.
Nashikilia.